Wapweke wa Enterprise

Aliyeanza kuijua Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, kwa filamu za miaka hii, zenye milipuko na makundi ya vyombo vya anga yakipigana, akirudi kwenye sehemu za mwanzo kabisa za mwaka 1966 atashangazwa na ukimya wake. Chombo ni kimoja, Enterprise. Korido ni zile zile. Watu wanakaa, wanakunywa kahawa, wanabishana, wanarudi kwenye zamu zao, na huko nje ni giza na nyota tu.

Nimezirudia hivi karibuni pamoja na mpwa wangu, tukifuata mpangilio ule ule kituo cha televisheni cha NBC walichozirusha nao kule Marekani, kuanzia Alhamisi ya tarehe 8 Septemba 1966 hadi katikati ya Desemba. Miaka yote nilikuwa naikumbuka kama tamthilia ya ugunduzi, kwa kuwa ndivyo inavyojitambulisha yenyewe kila inapoanza. Safari hii nimeona jambo jingine, na nimeliona karibu kila sehemu. Kabla Star Trek haijawa na mikataba, majeshi na maadui wa kudumu, ilikuwa hadithi ya watu wapweke.

Sababu mojawapo ni kwamba waandishi wenyewe walikuwa bado hawajaujua ulimwengu wao. Lile Shirikisho la Sayari ambalo kila shabiki analitaja leo halimo kabisa katika sehemu za mwaka 1966. Linaanza kusikika kwenye "Arena", Januari 1967. Kamandi ya Starfleet, uongozi wa jeshi lake la anga, nayo inafuata Februari. Kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo Kapteni Kirk hana serikali inayoeleweka nyuma yake. Ana chombo, ana watu zaidi ya mia nne waliomo humo, na ana maamuzi ambayo hakuna wa kumsaidia kuyabeba.

Sababu nyingine ni fedha. Desilu, studio ya mchekeshaji Lucille Ball, haikuwa na uwezo wa kujenga sayari mpya kila wiki, hivyo kamera inabaki ndani. Hata mashine ile ya kuwayeyusha watu na kuwaunda upya kwenye sayari ilibuniwa kwa sababu kuonyesha chombo kizima kikitua kila wiki kungegharimu mno. Mmeremeto unaouona watu wakipotea ni unga wa alumini uliodondoshwa kwenye mwanga mkali na kupigwa picha. Milango ile inayofunguka yenyewe ilivutwa kwa kamba na wafanyakazi waliojificha nyuma ya ukuta. Mwaka 2006 wenye tamthilia walibadilisha picha za chombo wakaweka za kompyuta, lakini sisi tulitazama zile za zamani, zilizopigwa kwa kielelezo chenye urefu wa mita tatu na ushee ambacho leo kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian, Washington. Kielelezo kile kina uzito machoni. Kinapita polepole, na unaamini kabisa kwamba ndani yake kuna watu walio mbali na kwao.

Sisi wa Bara tulichelewa sana kuviona vitu hivi. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, ila huku vituo vilianza mwaka 1994, na kabla ya hapo ilikuwa ni mikanda ya video. Mkanda ulikuja na sehemu yoyote iliyokuwemo. Unaona ya msimu wa pili leo, ya kwanza baada ya mwaka. Nadhani ndiyo maana sikuwahi kuona jinsi sehemu za mwanzo zinavyoshikana.

Iliyorushwa kwanza Marekani ni "The Man Trap". Canada waliiona siku mbili kabla. Haikuwa ya kwanza kupigwa picha, wala ya pili, lakini NBC waliichagua kwa kuwa ilikuwa na dubwana, na walitaka mtazamaji wa siku ya kwanza aone dubwana. Wapo mashabiki wengi wanaoidharau. Mimi naiona kuwa chaguo sahihi kuliko walivyojua wenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kirk na Dk. McCoy, daktari wa chombo, wanashuka kwenye sayari M-113 kuwapima afya mtaalamu wa mambo ya kale, Profesa Crater, na mkewe Nancy, ambaye zamani alikuwa mpenzi wa McCoy. McCoy anamwona Nancy akiwa kijana vile vile alivyomwacha. Kirk, aliyesimama palepale, anamwona mwanamke mwenye mvi. Baharia kijana waliyefuatana naye anamwona msichana aliyewahi kukutana naye sayari nyingine. Dakika chache baadaye baharia huyo amekufa, uso umejaa alama nyekundu za duara, na vipimo vinaonyesha kwamba mwili wake hauna chumvi hata chembe. Nancy halisi alishakufa na kuzikwa. Aliyebaki ni kiumbe wa mwisho wa aina yake, anayeishi kwa chumvi, mwenye uwezo wa kuchukua sura ya yule unayemkosa moyoni mwako.

Hapo ndipo anapoingia Uhura, afisa mawasiliano. Mwanzoni mwa sehemu hii, Kirk akiwa bado kwenye sayari na Spock, msaidizi wake kutoka Vulcan, akiwa amekalia kiti cha kapteni, Spock anamkosoa Uhura kwa kosa dogo kwenye kumbukumbu zake za masafa. Uhura anamjibu kwamba akilisikia neno masafa mara moja zaidi atalia. Spock haelewi. Uhura anamwambia wazi kwamba alikuwa anajaribu kuanzisha mazungumzo, kwamba anaanza kujihisi kuwa sehemu ya mitambo iliyo mbele yake. Anamtaka amwambie kuwa yeye ni mwanamke mzuri, amuulize kama amewahi kupenda, amsimulie sayari yake ya Vulcan inavyoonekana jioni tulivu mwezi ukiwa mpevu. Spock anajibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hilo halimshangazi.

Tulisimamisha picha hapo. Mpwa wangu aliliona kama tukio la kuchekesha, na kweli limeandikwa lichekeshe. Lakini mtazame Nichelle Nichols, anayemcheza Uhura, mabega yake yanavyokaa, na jinsi anavyokigeuza kiti kurudi kwenye kazi. Ni mwanamke aliye mbali na kwao, amemaliza saa nyingi akisikiliza sauti za watu wengine, naye hana hata mmoja wa kuongea naye.

Baadaye kiumbe yule anaingia kwenye chombo. Anakutana na Uhura koridoni, anamsoma, na anajigeuza kuwa baharia mrefu Mwafrika. Anamwambia kwamba anaonekana mpweke kidogo. Kisha anamsemesha Kiswahili.

Hakuna tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Matamshi yamepinda na inabidi urudishe nyuma uyasikilize tena, lakini ni Kiswahili, na Uhura anamjibu kwa Kiswahili huku uso wake ukifunguka kwa namna ambayo haujafunguka tangu tamthilia ianze. Mtego ule umetengenezwa kwa lugha. Kiumbe amepekua ndani ya moyo wa mwanamke huyu akitafuta anachokosa zaidi, na alichokikuta ni mtu wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao. Yeyote aliyewahi kukaa ugenini, Muscat au Minneapolis, akasikia nyuma yake kwenye foleni mtu akisema "samahani dada", anaujua mtego huo na hahitaji kuelezwa.

Ilikuwa 1966. Tanganyika ilikuwa na miaka mitano ya uhuru, Kenya mitatu. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu chenye jina la Kiswahili, na kwamba jina la Uhura lilitokana na mazungumzo yake na watayarishaji juu ya kitabu hicho. Desemba mwaka ule ule, mji ule ule wa Los Angeles, mwanaharakati Maulana Karenga na wenzake walisherehekea Kwanzaa ya kwanza, sikukuu iliyojengwa kwa maneno ya Kiswahili. Wamarekani weusi walikuwa wanaitafuta lugha hii kwa makusudi. Kwa hiyo ile sekunde chache ya koridoni haikudondoka tu kutoka hewani. Na wale waliokuwa wanatazama walielewa uzito wa kumwona mwanamke mweusi pale kwenye mitambo, mwenye cheo, mwenye jina lile. Nichols alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemshauri abaki ni Martin Luther King, waliyekutana kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na alimwambia kwamba nafasi ile haikuwa yake peke yake. Tangu 1977 alishirikiana na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe nafasi za urubani wa anga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alikuwa amemtazama Uhura tangu utotoni.

Lakini nirudi kwa kiumbe. Tukio ambalo kwangu ni moyo wa "The Man Trap" ni pale Kirk anapombana Profesa Crater. Profesa anamtetea kiumbe kwa maneno mazuri: ni wa mwisho, anataka kuishi, amebaki kama nyati wa Marekani waliokuwa wamejaa mbuga nzima kisha wakamalizwa. Kirk anamkatiza. Anamuuliza kama kweli anamlinda kiumbe au anailinda pepo yake binafsi, kwa sababu kiumbe huyo anaweza kuwa mke, rafiki, mwenye busara, mtumwa, chochote atakacho, na kwenye kila ubishi Profesa ndiye anayeshinda. Huo ni upweke wa aina nyingine, wa mtu aliyeupenda na kuuwekea uzio. Amekubali kuishi na muuaji wa mkewe, kwa sababu muuaji huyo ana sura ya mkewe.

McCoy anampiga risasi kiumbe, ambaye katika dakika ya mwisho anarudia sura ya Nancy na kumsihi. Mwishoni kabisa Kirk anasema alikuwa anawafikiria nyati. Mimi na mpwa wangu tulibishana usiku ule. Yeye anasema hapakuwa na njia nyingine. Mimi nasema chumvi ni chumvi, na chombo kikubwa namna ile kingeweza kumlisha. Hatujakubaliana.

Wiki iliyofuata ni "Charlie X", na hii sikuwa nimejiandaa nayo. Charlie ana miaka kumi na saba. Alinusurika ajali ya chombo akiwa mtoto wa miaka mitatu na akabaki peke yake kwenye sayari Thasus. Viumbe wa huko, ambao hawana miili, walimpa nguvu za ajabu ili asife. Sasa amefika kati ya watu na hajui chochote: hajui kucheza, hajui kushindwa, hajui afanye nini na hisia zake kwa Janice Rand, karani wa Kirk na mwanamke wa kwanza ambaye Charlie amemwona maishani. Anayemkasirisha anampoteza. Koridoni, wasichana waliokuwa wanacheka anawakomesha kwa kufuta uso wa mmoja wao ukabaki ngozi tupu, bila macho wala mdomo. Inachukua sekunde mbili tatu tu, na bado inatisha.

D. C. Fontana ndiye aliyeiandika, kutokana na wazo la Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia, na hakumwachia mtazamaji nafasi ya kupumua. Charlie ni hatari, kweli. Anaua. Lakini Wathasia wanapokuja kumchukua, anamsihi Kirk amwache abaki, akieleza kwamba kule hawapendi, hawahisi, na hawezi hata kuwagusa. Kirk, ambaye muda wote amemwogopa, anamtetea: mtoto huyu ni wa kwetu, mwacheni. Wanakataa. Charlie anafifia akirudia kwamba anataka kubaki, na sauti yake inaendelea kusikika baada ya mwili kutoweka. Rand analia. Hakuna aliyeshinda. Nimeona tamthilia nyingi zinazojidai kuwa na ujasiri. Chache zingethubutu kumaliza sehemu yao ya pili namna hii.

Tazama pia kilichotangulia huko nyuma katika sehemu hiyo hiyo: Spock anapiga kinubi kwenye chumba cha mapumziko, Uhura anaimba na kumtania kwa wimbo wa kubuni papo hapo, watu wamekaa meza zote wakicheka. Ni dakika chache tu. Charlie hapendi kwamba wao wanafurahi bila yeye, anaikata sauti ya Uhura kooni. Raha yenyewe ya wale wengine ndiyo inayomuumiza.

"The Naked Time", ya 29 Septemba, ndiyo ambayo kila mtu anaikumbuka kwa Sulu, mwendeshaji wa chombo, anayekimbia na upanga bila shati. Ugonjwa unaopita kwa jasho unawavua wote walichokificha. Leonard Nimoy, aliyemcheza Spock, aliwaomba wampe tukio la Spock akiwa peke yake, katika chumba cha mikutano, mlango umefungwa. Muda wa kupiga picha ulikuwa umebana, na walichukua kwa mkupuo mmoja: Spock anajaribu kujishika kwa kuhesabu, namba zinamponyoka, analia kwa sababu hakuwahi kumwambia mama yake kwamba anampenda. Mama yake ni binadamu aliyeolewa kwenye sayari ambako hisia ni aibu, kwa hiyo mwana anautambua upweke wa mama yake na anajiona yeye ndiye aliyeuongeza. Kisha anaingia Kirk, naye anaambukizwa, na siri yake ni kwamba chombo hiki kimemmaliza. Anachotaka ni ufukwe wa kutembea siku chache, bila cheo begani. Wanaume wawili, kila mmoja analia lake, katika chumba kimoja, na hawasikilizani.

Si zote ninazozipenda. "Mudd's Women" imezeeka vibaya na nisingemlazimisha mtu aitazame. "The Enemy Within" ina wazo zito la mwandishi Richard Matheson, Kirk anagawanyika kuwa wawili, mpole asiyeweza kuamua na mkali asiye na huruma, lakini ina kosa ambalo linaniudhi sana kila nikifika hapo. Yule Kirk mkali anamvamia Rand chumbani kwake. Grace Lee Whitney anacheza tukio hilo na lile la kutoa ushahidi kwa uchungu wa kweli. Halafu, dakika ya mwisho, wanampa Spock maneno ya kumuuliza Rand kama yule wa bandia hakuwa na mambo fulani ya kuvutia. Ni maneno ya aibu. Mwanamke ametoka kuumizwa, hana wa kumwegemea, na tamthilia inayojua upweke wa kila mtu mwingine haikuuona wa kwake.

"Balance of Terror" ya 15 Desemba inaanza na harusi, na bwana harusi ndiye mtu pekee wa Enterprise anayekufa. Katikati yake yupo kamanda wa Waromulani, maadui wa binadamu, aliyechezwa na Mark Lenard, mzee wa vita aliyechoka na serikali yake, ambaye ndani ya chombo chake mwenyewe hana wa kumwambia anachofikiri ila rafiki mmoja, na rafiki huyo anakufa kabla yake. Karibu na mwisho anamwambia Kirk kwamba katika hali nyingine wangeweza kuwa marafiki. Kabla ya hapo kuna tukio dogo: Kirk yuko chumbani kwake, McCoy anakuja kumtuliza, anamwambia kwamba kwenye kundi letu la nyota huenda kuna mamilioni ya sayari kama Dunia, na makundi ya nyota yenyewe ni mamilioni, na katika yote hayo kila mmoja wetu yuko mmoja tu. Anamsihi asimwangamize yule anayeitwa Kirk. DeForest Kelley anayasema kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa dawa ya kunywa usiku.

Nimeiacha makusudi "The Corbomite Maneuver". Enterprise inazuiwa na chombo kikubwa ajabu, duara linalojaza kioo kizima, na sura ya kutisha inawapa dakika kumi za kusali kabla ya kuangamizwa. Kirk anadanganya kwamba chombo chake kina kitu kitakachomlipua anayekishambulia, na udanganyifu unafanya kazi. Baadaye, adui anapoomba msaada, Kirk anakwenda kumsaidia badala ya kukimbia. Ile sura ya kutisha ilikuwa sanamu, kazi ya Wah Chang, aliyetengeneza pia dubwana la chumvi. Nyuma yake yuko Balok, mdogo kama mtoto, na aliyemcheza ni mtoto kweli, Clint Howard, akiwa na miaka saba. Anawakaribisha kinywaji. Anaeleza kwamba chombo chote kile anakiendesha mwenyewe, peke yake, na kwamba amekosa mtu wa kuzungumza naye. Anaomba aachiwe mmoja wao kwa muda. Bailey, luteni kijana aliyevunjika kwa hofu mbele ya wote saa chache kabla, ndiye anayejitolea kubaki.

Hii ilipigwa picha kuanzia Mei 1966, kabla ya nyingine zote za msimu, ukiondoa zile mbili za majaribio. Hata Uhura bado amevaa sare ya rangi ya dhahabu. Kazi ya kutengeneza picha za chombo cha Balok ilichukua muda mrefu, na watazamaji wakaiona tarehe 10 Novemba, ikiwa ya kumi. Kwa hiyo Roddenberry na wenzake walikuwa wameshamwandikia mpweke mmoja mtu wa kukaa naye, kabla hawajamfukuza Charlie na kabla McCoy hajafyatua risasi. Nikitaka kumwonyesha mtu ambaye hajawahi kuiona Star Trek, nitampa hiyo, ila nitamwomba kwanza aitazame "Charlie X", usiku mmoja, na Balok amwache hadi usiku unaofuata.